Upana wa Njia

Mzunguko wa Irente hauna jina la Kiswahili, na nadhani hauna la Kishambaa pia. Vijana wanaoongoza watalii pale Lushoto wana jina lake la Kiingereza, na wameliandika kwa rangi kwenye vibao vya mbao: nusu siku, mandhari, msitu, chakula cha mchana. Sisi wengine hatukuwahi kuupa jina kwa sababu hakuna anayeuzunguka wote. Mtoto wa shule anatembea kipande chake, nyumbani hadi darasani. Mama wa mboga anatembea chake, bondeni hadi sokoni siku ya gulio. Wa kuni ana chake, na wa kanisani, na wa kwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni mgeni peke yake anayeviunga vipande hivi vyote, akatoka mjini saa 2 asubuhi na kurudi mjini saa 8 mchana, amechoka, mkononi hana kitu.

Nimezaliwa kule na nilifika umri wa miaka 29 bila kuuzunguka. Niliuzunguka Julai ya mwaka jana, na shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Ana sukari, na daktari alimwambia atembee kila siku. Alilipokea agizo hilo kama mtu aliyeambiwa apige makofi kila siku. Atembee kwenda wapi? Maisha yake yote amepanda na kushuka milima ile akiwa na tenga la kabichi kichwani, mtoto mgongoni na jembe begani, na hakuna siku aliyoiita hiyo kutembea. Kwa hiyo nilishangaa nilipofika likizo nikitokea Dar es Salaam, akaniambia usiku wa kwanza, tukiwa jikoni: "Kesho tuzunguke. Mpaka Irente, turudi kwa bondeni."

Nikamwambia vizuri shangazi, ndicho daktari alichosema.

"Daktari naye," akasema.

Asubuhi alitoka na jembe. Nilimuuliza la nini. Akanitazama. "Mtu mzima atembee mikono mitupu, watu waseme nini?"

Kwa asiyeijua, Lushoto ni mji mdogo uliokaa kwenye bonde la Usambara Magharibi, mwinuko wa kama mita 1,400. Ili uufikie unaacha barabara kuu pale Mombo, kwenye joto, unapanda kilomita 33 za kona kupitia Soni. Wajerumani waliupenda kwa ubaridi wake. Wakauita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Jina lile lilikufa na utawala wao, lakini mipapai haioti vizuri hapa na mipeasi inaota, na ukitembea Julai asubuhi na mapema unaelewa walichokuwa wanakitafuta. Ukungu unakuwa umelala chini kabisa, juu ya mfereji, na moshi wa majiko unatoka kwenye nyumba za matofali ya kuchoma na kusimama wima kama kwamba hauna pa kwenda.

Barabara ya Irente inatoka mjini kuelekea kusini-magharibi na inaanza kupanda mara moja. Ni kama kilomita 6 hadi ukingoni. Mtalii anatumia saa moja na nusu. Sisi tulitumia karibu tatu, kwa sababu shangazi alisimama kwa kila mtu.

Naomba mnielewe: kwa kila mtu. "Onga maundo," anasema, wanajibu, na baada ya hapo ni habari za nyumbani, habari za mguu, habari za mtoto aliyeko Tanga, habari za ng'ombe. Mimi nimesimama pembeni na raba zangu za kukimbilia, nimeshikamoo wote, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Na kila aliyesimamishwa aliuliza swali lile lile: mwaenda wapi? Ni swali la salamu tu, si la upelelezi, lakini linataka jibu. Kwenye milima ile kila mtu anayeonekana njiani ana anakokwenda, na anakokwenda ndiko kunakoeleza yeye ni nani asubuhi hiyo. Nilijaribu mara moja kusema tunatembea tu. Yule baba alisubiri sentensi imalizike.

Shangazi alikuwa na jibu lake. "Twazunguka," anasema, anainua jembe kidogo, na watu wanaridhika. Halafu anauliza na yeye, kama kwa bahati tu: "Wewe sokoni wapitia wapi siku hizi? Bado wapitia kule kwetu?"

Mara ya kwanza sikulitilia maanani. Mara ya nne nilianza kusikiliza.

Tulipita Yoghoi. Baada ya pale mashamba yanakuja karibu na barabara pande zote mbili: mahindi yaliyokwisha kuvunwa, maharage, viazi, vipande vya kabichi na karoti vilivyonyooka kama mikeka. Ukila kachumbari Dar es Salaam kuna uwezekano mzuri hoho yake ilipanda lori usiku kutoka huku kwenda Kariakoo. Miteremko ni mikali kiasi kwamba mtu anayelima juu yako unaona nyayo zake. Kuna utani kwamba Msambaa anaweza kuanguka kutoka shambani kwake. Si utani sana, nina binamu aliyevunjika mkono hivyo.

Bibi yetu, mama yake shangazi, alikuwa akisimulia habari za matuta. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo, kaskazini ya hapa, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za milima. Kila kaya ilitakiwa kuinua matuta ya kukinga maji kwenye mteremko, kwa jembe la mkono, kwa vipimo, na asiyetimiza anatozwa faini. Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Watu walikataa mpaka mpango ukaachwa, miaka michache kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha 1990, anaeleza namna ubishi ule ulivyobeba maneno ya zamani ya Kishambaa: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nilikisoma chuoni na nikampigia simu bibi usiku ule ule kumuuliza kama ni kweli. Bibi akaniuliza kama chuoni wanatupikia vizuri.

Kinachonishangaza zaidi siku hizi ni kwamba udongo kweli ulikuwa unahitaji kinga. Maofisa wale hawakuwa wajinga wa udongo. Ila walipima mteremko na hawakuuliza nani anapita wapi, analima nini pamoja na nini, na nani analisha ng'ombe kwenye mabua ya nani. Matuta yalikatiza vitu ambavyo havikuwa kwenye ramani.

Msitu unaanza bila kujitangaza. Kwanza ni mikaratusi na miwati, miti ya kupandwa, yenye harufu ya dawa ya kikohozi. Halafu unaingia kwenye kivuli cha namna nyingine, kizito, chenye miti ya asili iliyobaki, mizabibu ya mwituni na kuvu, na sauti yako inashuka yenyewe. Watoto wa huko wanajua kutafuta vinyonga kwenye vichaka vya pembeni, wale wenye pembe mbili puani, na kuwaonyesha wageni. Kuna mbega pia, ukiwa na subira. Sisi hatukuwa nayo. Shangazi haupendi msitu. Anauheshimu, anaokota kijiti kikavu hapa na pale na kukiweka kwapani, lakini anatembea haraka kuliko barabarani, na ndiyo sehemu pekee ambako sikuhitaji kumsubiri.

Tukapita eneo la Irente la Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza jibini, mkate na jemu. Nilitaka tukae tule. Aliniuliza mkate wa kununua una nini ambacho viazi vyake kwenye kitambaa havina. Tukala viazi, tukiwa tumekaa kwenye jiwe, nje.

Halafu ukingo. Sijui niueleze vipi bila kuingia kwenye maneno ya vile vibao. Unatembea kwenye njia ya kawaida, kuna mawe, na baada ya mawe hakuna nchi. Ardhi inaanguka kama mita 1,000 hivi, moja kwa moja, mpaka Mazinde, na kutoka pale tambarare inaendelea mpaka inapoteza rangi. Unaona mistari ya mkonge. Unaona barabara kuu kama uzi, na mabasi ya Arusha yakitambaa juu yake bila sauti. Upepo unatoka chini, na una joto.

Shangazi alikaa akiupa ukingo mgongo.

"Huangalii?"

"Naijua nyika."

Kwa Wasambaa wa zamani dunia ilikuwa na sehemu mbili: Shambaai, huku juu kwenye mvua na migomba, na nyika, kule chini kwenye joto na homa. Mwenye akili alikaa juu. Waliposhuka walishuka kwa sababu. Semboja, mmoja wa wana wa mfalme Kimweri, aliweka makao yake Mazinde, karibu na njia ya misafara, kwa sababu utajiri ulikuwa umeanza kupita chini, na vita vilivyofuata kati ya watu wa ukoo ule viliichoma Vugha, mji wa wafalme. Baadaye kikaja kilimo cha mkonge. Babu yangu alishuka mara mbili kukata mkonge, akarudi na homa mara zote mbili, na mara ya pili akarudi pia na baiskeli. Baba alishuka akawa karani Dar es Salaam. Mimi nimeshuka. Kaka yangu ameshuka, mdogo wetu wa mwisho ameshuka na yuko mwaka wa pili wa chuo, na ada yake ndiyo iliyotufanya tuanze mazungumzo ambayo shangazi, kumbe, alikuwa ameyasikia.

Baba alituachia kipande cha shamba. Si kikubwa, robo tatu ya eka, mteremko, miti ya mgrivea juu na maharage chini. Kinapakana na barabara kwa juu. Kwa chini kinapakana na uwanja wa nyumba ya ukoo, anakokaa shangazi, na chini ya nyumba yapo makaburi. Mtu wa mjini anayejenga nyumba za wageni alikitaka kwa sababu ya ile miti na kwa sababu ya unachokiona ukisimama kati yake. Bei aliyoitaja ilikuwa ada ya miaka yote iliyobaki, na ziada. Kaka alikuwa amekubali kwa mdomo. Mimi nilikuwa nimekubali kwa ujumbe wa simu, nikiwa kwenye daladala.

Jina la shangazi haliko kwenye karatasi yoyote ya kipande hicho.

Tulirudi kwa bondeni, njia ya mteremko, na huko ndiko nilikoelewa tulichokuwa tunakifanya tangu asubuhi. Njia ile inapita nyuma ya nyumba za watu, katikati ya bustani za mboga, juu ya mifereji unayoiruka, na mahali pengine upana wake ni nyayo mbili tu. Shangazi alianza kunionyesha na ncha ya jembe. Hapa wanapita watoto wa mwalimu. Hapa anapita yule mzee wa maziwa, na kama hapa pangezibwa angezunguka kwa barabara ya gari, na goti lile. Hapa wanawake wa kule ng'ambo wanakata kwenda sokoni Alhamisi na Jumapili. Alisimamisha mama mmoja aliyekuwa anapanda na ndoo, akamuuliza tena swali lake: wapitia kwetu? Mama akajibu kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kama anapumua. Apitie wapi kwingine?

"Kumi na mmoja," shangazi akasema tulipomwacha.

Alikuwa anahesabu. Tangu Yoghoi alikuwa anahesabu.

Tuliingia kwenye kipande chetu kwa upande wa juu. Nilikuwa sijafika pale tangu mazishi ya baba. Mipaka bado ilikuwa ile ile, masale yaliyopandwa na babu, mengine yamenenepa mpaka yanafanana na miti. Njia inaingilia kati ya masale mawili, inakatiza chini ya mgrivea kwa kushuka upande upande, inapita kando ya maharage na kutokea nyuma ya jiko la shangazi. Haijawahi kulimwa, na udongo wake ni mgumu na unang'aa. Nilisimama juu yake nikajaribu kuona seng'enge.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inautambua umiliki wa kimila, na unaweza kupewa hati. Babu hakuwa na hati, alikuwa na masale. Njia haikuwa hata na masale. Hakuna aliyeiandika kwa sababu hakuna aliyeitilia shaka, na nilipoitazama niliona jinsi ilivyo rahisi kuiondoa: nguzo nane, koili moja ya waya, asubuhi moja. Msimu mmoja wa mvua na majani yangeota. Vijana wa vibao wangechora mstari wao upande mwingine, na watalii wasingejua.

"Sikukatazi kuuza," shangazi akasema. Alikuwa amekaa, hatimaye, na alikuwa anahema. "Mtoto asome. Mimi nasema njia."

Kikao kilikaa Jumapili sebuleni kwake. Kaka alipanda na basi la usiku. Walikuwepo baba mdogo, mwenyekiti wa kitongoji, na mdogo wetu kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mnunuzi hakuwepo, alitarajiwa ofisi ya kijiji siku ya pili. Kaka ni mtu mwema na mwenye haraka. Alisema njia ni jambo la kuelewana tu, mnunuzi ameshasema hatamzuia mtu. Shangazi akaanza kutaja majina. Hakuwa na karatasi. Alitaja kila mtu tuliyekutana naye, anatoka wapi, anapita na nini, siku gani. Alipofika wa sita mwenyekiti wa kitongoji alianza kutikisa kichwa, kwa sababu wa saba alikuwa mkewe. Na anayesema hatamzuia mtu, shangazi akauliza, akiuza na yeye? Kaka akanitazama. Nikamwambia tuiandike, au mimi sisaini.

Tukabishana kwa saa nzima, na sitayaandika yote. Kuna maneno yalisemwa kuhusu watu wanaokaa mjini na kuhusu watu wanaotaka kula keki yote na wasiwe na kisu. Mdogo wetu alisema kupitia kwenye chupa ya chai kwamba anaweza kuahirisha mwaka. Shangazi akamwambia anyamaze asome.

Mwishoni kaka alitoa simu akaanza kuandika kipengele cha kwenda nacho ofisi ya kijiji. Alisoma kwa sauti huku anaandika: kwamba mnunuzi ataiacha wazi njia ya miguu inayokatiza shamba kutoka barabarani hadi nyumba ya ukoo, kwa matumizi ya wote, na kwamba sharti hili litamfuata kila atakayenunua baada yake. Upana, mita 1.

"Mita moja ni kiasi gani?" shangazi akauliza.

Kaka akanyoosha mikono kumwonyesha. Shangazi akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa mlangoni, akalilaza sakafuni, akalipima kwa macho, kisha akamtazama kaka.

"Baba yako alipita na mita moja?"

Hakuna aliyemjibu. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu Soni, na gari lililotoka na jeneza Dar es Salaam lilikwama juu barabarani. Wakalibeba begani kutoka pale, watu sita, watatu kila upande, wakipokezana kwenye utelezi, kaka akiwa wa mbele kulia. Nilikuwa nyuma yao na wanawake. Nakumbuka waliokuwa upande wa chini walikanyaga maharage, na hakuna aliyesema kitu kuhusu maharage.

Kaka alifuta. Akaandika upya, akaishika simu mbele yake bila kusema. Shangazi akamwambia miwani yake iko chumbani, asome.

"Mita 2," kaka akasoma.

Siku ya pili mnunuzi alishusha bei. Ilitosha ada ya mwaka na nusu.